Chumba cha Siki

Kabla ya kuitwa chumba cha siki, pale palikuwa stoo ya zahanati, mahali pa kutupia ndoo zilizotoboka na viti vilivyovunjika miguu. Daktari mkuu wa wilaya alikuja asubuhi moja, akausukuma mlango kwa ncha ya kiatu, akamwambia Sista, muuguzi wa zahanati, "Hapa patatosha. Wewe na mkunga mmeshatoka mafunzoni. Nataka wanawake waanze kupimwa saratani ya mlango wa kizazi mwezi huu huu." Akapanda gari akaenda zake.

Wakatoa takataka, wakapaka chokaa, wakaning'iniza pazia zito. Kitanda waliazima wodi ya wazazi. Mume wa Sista, fundi friji asiye na maneno mengi, akaja kufunga taa ya kumulikia, akaiwasha na kuizima mpaka akaridhika. Hakuuliza taa ile itamulika nini, na Sista akashukuru.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Mwanamke analala, mlango wa kizazi unapakwa kwa pamba siki iliyozimuliwa, mpimaji anasubiri kidogo, anatazama. Rangi isipobadilika, mtu anarudi nyumbani kwake. Likitokea doa jeupe, hapo pana jambo: doa dogo linachomwa papo hapo kwa kifaa cha joto, kubwa linapelekwa hospitali ya rufaa.

Sista angeweza kuyaeleza hayo hata usingizini. Lakini mwenyewe, na miaka yake arobaini na ushei, hakuwahi kupimwa. Kule mafunzoni, wenzake walipopimana wao kwa wao ili wajifunze, alisema yuko kwenye siku zake. Mkunga alimtazama tu.

Sababu alikuwa nayo. Mama yake mzazi alikufa kwa ugonjwa huo, na Sista, wakati ule msichana wa shule, ndiye aliyemfulia vitambaa. Mama alivificha chini ya godoro, na mashangazi walipokuja kumjulia hali aliwaambia ni tumbo la kawaida. Nyumba nzima ilinuka na hakuna aliyethubutu kusema inanuka. Kwa hiyo Sista hakuogopa kitanda wala vifaa. Aliogopa kujua. Maadamu hajui, alijiambia, ana kesho kama watu wengine.

Ijumaa waliwaita wanawake kwenye darasa la shule ya msingi. Sista akachora kizazi ubaoni kwa chaki. Mwanamke mmoja akasema mbona kama kichwa cha ng'ombe, darasa zima likaangua kicheko, na mambo yakaanza kwenda vizuri. Mpaka wifi yake aliposimama. Huyu alikuwa dada wa mumewe, fundi cherehani, mtu ambaye mdomo wake ulikuwa na makali kuliko mkasi wake.

"Wifi, mimi nina swali dogo. Wewe mwenyewe umeshapimwa?"

Chaki ikamkatikia mkononi. "Bado," akasema.

"Ala. Kumbe umetupikia chungu kizima na mwenyewe hujaonja."

Wakacheka tena, ila safari hii wengine walianza kuokota mikoba yao. Sista akasikia sauti yake ikisema, kabla moyo haujakubali, "Jumatatu mimi ndiye wa kwanza. Njooni muone."

Mwisho wa wiki ule haukwenda wala haukurudi. Jumapili alikuwa akifua uani, binti yake akisuuza pembeni yake, akamwona mtoto ameshika kitambaa chekundu cha jikoni akikikamua. Ubaridi ukampanda kutoka miguuni. Akamnyang'anya. "Nenda kasome," akamwambia kwa ukali, na mtoto akaondoka bila kujua amekosa nini.

Jumatatu benchi la nje lilikuwa limejaa. Wanawake walikaa wamekumbatia mikoba, na hakuna aliyekubali kuandikishwa. Walikuwa wakimsubiri yeye. Wifi yake alikaa karibu kabisa na pazia.

Sista alivua, akapanda kitandani, akajifunika kanga. Akaikazia macho dari, pumzi ameibana.

"Pumua," mkunga akasema. "Si ndivyo unavyowaambia wengine? Haya, pumua."

Akahisi ubaridi wa chuma, kisha pamba. Harufu ya siki ikajaa chumba. Wakasubiri. Mkunga alikuwa mtu wa soga, hata akizalisha huwa anasimulia habari za jirani. Sasa alikuwa kimya. Sista aliujua ukimya ule. Alishawahi kuwanyamazia hivyo wagonjwa wake.

"Sema," akamwambia.

"Ngoja nitazame tena."

"Umeshatazama."

Mkunga akaizima taa. "Lipo, dada yangu. Ni kubwa. Linaingia kwa ndani, mwisho wake sikuuona. Hatuwezi kulichoma hapa."

Masikio ya Sista yakaziba. Aliona midomo ya mkunga ikienda, akaona ufa mdogo kwenye dari ambao walisahau kuuziba, akawaza, nani atamfulia binti yangu sare za shule. Huko nje mtu alisema kitu, wenzake wakacheka.

Mkunga akainama sikioni pake. "Sikiliza. Ukiwaambia ukweli, watakimbia wote. Toka useme uko salama. Mengine tutayajua wenyewe humu ndani."

Sista alitamani sana kufanya hivyo. Alivaa viatu, akavikosea miguu, akavivua, akavaa tena. Akajaribu kuutengeneza uso. Lakini alipofungua pazia, wifi yake alimtazama mara moja tu, na ule utani ukamtoka usoni kama maji.

"Wifi, umekutwa na nini?"

"Doa," Sista akasema. "Kubwa. Nakwenda hospitali ya rufaa."

Wanawake wakatazamana. Kisha muuza mkaa wa sokoni, mwanamke mnene mpole, akainuka akasema ameacha maji jikoni. Mwingine akakumbuka mtoto, mwingine akaondoka bila hata kisingizio. Wakabaki wa kuhesabika. Wifi alibaki amekaa, ameng'ang'ania ukingo wa benchi.

"Mimi nilikuja kukucheka," akasema taratibu. "Sasa nimeogopa kweli, ndiyo maana siondoki." Akaingia. Hakukutwa na kitu. Alipotoka alimshika Sista mkono kwa nguvu.

Jioni Sista alimfuata mumewe karakana, akamweleza katikati ya mafriji yaliyofunguliwa migongo. Mume akaweka spana chini, akaiokota, akaiweka tena.

"Ni ugonjwa kama ule wa mama yako?"

"Sijui."

"Basi twende wote," akasema. Akafunga karakana, wakaondoka pamoja.

Kule hospitali walimkata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa, akaambiwa arudi nyumbani akasubiri majibu. Hapo ndipo alipoijua hofu hasa. Simu ikilia, anatazama kwanza nani anapiga. Akienda haja, anachungulia kama kuna damu. Kila siku alikwenda kazini, akawapaka wanawake siki, akawaambia wapumue, na kila alipowasha taa alikuwa anaona kile ambacho mkunga alikiona kwake.

Majibu yalipofika, daktari aliyasoma polepole. "Haijawa saratani. Ilikuwa njiani, na haikuwa imebakisha mbali." Wakamkata ile sehemu, wakamruhusu. Mumewe alilia kwenye korido, amegeukia ukuta.

Habari zilienea kwamba Sista amepona, na benchi likaanza kujaa upya. Binti yake alichanjwa shuleni pamoja na wenzake, chanjo ya kukinga ugonjwa huo. Sista ndiye aliyekwenda kuwatuliza wazazi getini. Lakini mwaka haukuisha kabla muuza mkaa hajarudi, ameshikiliwa na wanawe kushoto na kulia, amekonda, kanga imelowa damu. Sista hakuhitaji siki. Alimfunika, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Siku ile ningeingia," yule mama akasema bila lawama, kama mtu anayesimulia tu. "Ungesema uko salama, ningeingia."

Sista akamfunga kanga kavu. Alimsindikiza mwenyewe hospitali ya rufaa, na baada ya muda mfupi akamsindikiza kaburini.

Chumba kinaendelea. Wanaokuja sasa hata hawamuulizi kama amepimwa. Anapimwa kila mwaka, na wiki ya kupimwa ikikaribia anaunguza mboga, anaita watu kwa majina yasiyo yao. Nyumbani wameshamzoea. Mumewe huchukua mwiko kutoka mkononi mwake bila kuuliza, akamalizia kupika.