Mahindi Aliyopewa Annika

Wivu ulimshika Marvella siku ya kwanza tu, Annika aliposhuka garini na Bibi Ardelle akamkumbatia. Kwa miaka kumi na mmoja Marvella alikuwa bibi shamba wa chuo cha kabila, akipita nyumba kwa nyumba kuwafundisha Walakota wenzake, wenyeji wa asili wa Marekani, kufufua bustani zao. Bibi Ardelle ndiye aliyemfunza kazi hiyo, na hakuwahi kumkumbatia. Alizoea kumpokea kwa kumuuliza mbona kachelewa.

Sasa chuo chao kilikuwa kimeshikana mikono na chuo kikuu cha jimbo, kile kilichonufaika na ardhi waliyonyang'anywa babu zao, ili wawafikie wananchi pamoja. Chuo kikuu kikamleta Annika, binti anayecheka hata na mbwa. Haukupita mwezi, Marvella akibisha hodi na miche yake, mwenye nyumba anachungulia nyuma yake: mwenzio yuko wapi? Roho ilimuuma, na tuseme ukweli, ingemuuma yeyote.

Ndipo Bibi Ardelle akamtuma achukue rafuni jikoni kwake chupa ya mbegu za mahindi ya marehemu mama yake, ampelekee Annika azipande kwenye shamba la majaribio. Mbegu hizo! Marvella hakuwahi kupewa hata punje.

Rafuni palikuwa na chupa mbili zinazofanana. Moja ya mbegu, nyingine ya mahindi ya supu, ambayo huchemshwa kwanza kisha yakaanikwa. Yaliyochemshwa hayaoti, na kila mtoto wa pale anajua hilo. Annika hakujua. Marvella akabeba chupa ya supu.

Annika alipanda, akamwagilia, akapiga magoti kila asubuhi kutazama udongo. Hakikuota kitu. Mbele ya kikao cha vyuo vyote viwili alisema mkono wake una nuksi, ameua mbegu za watu, kisha akalia. Marvella alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwake. Furaha aliyoitarajia haikuja.

Wiki ileile Bibi Ardelle alianza kushona blanketi la nyota, lile la vipande vya vitambaa ambalo Walakota hulitoa kwa heshima kubwa. Marvella akamuuliza ni la nani.

"La Annika," bibi alisema, macho kwenye sindano.

Kijicho kikamrudia upya. Blanketi la nyota, kwa aliyeua mbegu! Kiangazi kizima kila akipita pale analikuta mapajani mwa bibi, halijaisha, na kila akiliona anavimba.

Mwezi wa tisa watu walikusanyika kwenye ukumbi wa chuo kwa sherehe ya kutoa heshima. Marvella aliketi karibu na mlango, tayari kuondoka blanketi likitoka. Mshereheshaji akaita jina. Lilikuwa lake. Familia ya Bibi Ardelle ilikuwa inamheshimu Marvella kwa miaka kumi na mmoja ya kazi.

Kwao anayeheshimiwa hapokei zawadi. Watu wake hugawa kwa jina lake, na iliyo bora humwendea mgeni, tena kwa mkono wa mwenye siku. Kumbe blanketi lile lilikuwa heshima yake yeye. Bibi akamwekea mikononi, akamsogezea kipaza sauti.

"Mpe mwenzio."

Annika alikuwa amesimama mbele yake, macho yamemjaa machozi. Marvella alitaka kusema asante tu, yaishe. Ulimi ukakataa.

"Zile hazikuwa mbegu, Annika," alisema. "Nilikupa mahindi ya supu. Nilikuonea kijicho."

Bibi Ardelle akakichukua kipaza sauti, bila haraka.

"Najua, mjukuu wangu. Chupa ya mbegu iko palepale, naiona kila nikipika. Blanketi hunichukua wiki tatu. Hili nimelishona miezi mitatu, nikikusubiri."

Annika alimtazama Marvella, akafuta machozi. Kisha akageuka, akampa mabega amvishe blanketi.