Mizinga ya Fito ya Koleta

Mwamvita binti Mabruki alikuwa mwanamke wa Tabora mjini hasa, wa nyumba yenye baraza inayofagiwa asubuhi na jioni, na kama kuna kitu asichoweza kukivumilia hapa duniani ni harufu mbaya. Kasoro nyingine alikuwa nazo, nani hana? Lakini hiyo ndiyo iliyokaribia kuwaponza wajane kumi na wanane.

Akina mama wenzake wa mjini walimtuma kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, kule mbele ya Urambo, mwaka wa pili tangu watu wale wavuke mpaka wakikimbia mauaji. Walimtuma akafundishe kudarizi vitambaa vya meza. Jamani, vitambaa vya meza, kwa watu wasio na meza. Mwamvita alipofika akawatazama wale wajane na mabinti zao, akarudisha nyuzi zake kikapuni, akauliza, "Ninyi wenyewe mnajua kufanya nini?"

Aliyejibu alikuwa Koleta, mwanamke mrefu wa maneno machache, ambaye mumewe alibaki nyuma bila hata kaburi.

"Baba yangu alikuwa mfuga nyuki," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimsukia mizinga."

Mwamvita alistaajabu. Unyamwezini mzinga hausukwi. Ni gogo lililochongwa au gome la mti, linapandishwa juu kwa kamba na wanaume wenye misuli, na mwanamke hana lake pale. Basi Koleta akamwonyesha. Alichukua fito, akasuka kitu kirefu mfano wa tenga la kuku, akakikandika mavi ya ng'ombe kote, akakianika juani. Kilipokauka kilikuwa chepesi hata binti yake Bertila, msichana wa miaka kumi na mitano, alikiinua kwa mkono mmoja. Tena hakikuhitaji kupandishwa popote, unakilaza tu juu ya nguzo zenye panda, usawa wa kifua chako.

Mwamvita alijifunga kanga kibwebwe, akaenda moja kwa moja kwa Ndugu Kornel, mkuu wa makazi, kuwaombea wajane pori la miyombo lililokuwa nyuma ya nyumba zao.

Kornel hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kila kipande cha ardhi kiwe na jina la mwanamume. Mpango wake ulikuwa tayari: mvua zikikaribia, pori litafyekwa lilimwe tumbaku, na kila mjane atahamishiwa kwenye kaya ya ndugu wa mumewe. Ndugu aliyemngoja Koleta alikuwa mtu mzima mwenye wake wawili, na alishasema bila haya kwamba Bertila sasa amekua. Koleta alilijua hilo, Bertila alilijua, na Mwamvita alipolijua hakupata usingizi siku mbili.

"Watu husema fuata nyuki ule asali," Kornel alicheka mbele ya watu wote. "Ninyi mnataka nyuki ndio wawafuate. Haya. Nikikuta hata mzinga mmoja una nyuki kabla sijaanza kufyeka, pori ni lenu, na nyumba zenu mnabaki nazo."

Alisema kwa mzaha, lakini alisema, na masikio hayana pazia. Wiki ile kazi ilikwenda mbio. Mabinti walikata fito, mama zao wakasuka, nyimbo za kwao zikasikika hadi barabarani. Wakamaliza mizinga kumi na minane, kila mjane na wake.

Hapo ndipo Mwamvita alipoharibu. Siku ya kuipeleka porini, wenzake walikwenda kisimani, yeye akabaki na mizinga uani. Ikamnukia mavi ya ng'ombe. Akajiambia, hawa nyuki si wageni? Na kwetu mgeni akija, nyumba haifukizwi? Akatoa chetezo na udi wake mzuri aliokuwa akiuweka kwa ajili ya Idi, akaifukiza mizinga yote, mmoja baada ya mwingine, ndani kabisa, kwa mapenzi. Hakumwambia mtu. Aliona ni zawadi ndogo tu.

Miyombo ikachanua. Nyuki wakapita juu ya vichwa vyao kutwa, wakaikaribia mizinga, wakageuza. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Nyimbo zikakatika. Wafyekaji wa Kornel wakaanza kunoa mapanga, na yule ndugu wa marehemu akaleta mbuzi akamfunga mbele ya nyumba ya Koleta, mahari ya Bertila hiyo, bila hata kukaribishwa kiti.

Mwamvita hakungoja zaidi. Alimfuata Mzee Masolwa, mrina asali wa kijiji jirani, mtu aliyewajua nyuki kuliko alivyowajua wajukuu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Twende nikaione hiyo mizinga ya kikapu."

Alipofika akaingiza kichwa kwenye mzinga wa kwanza, akakitoa. Akaingiza kwenye wa pili. Kisha akageuka na kuwauliza wale wanawake kwa upole, "Humu mlikuwa na bibi harusi?"

Wajane wakatazamana. Udi hawakuujua. Aliyeujua ni mmoja tu. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona, na mzee angedhani labda ni utomvu wa mti fulani. Lakini mficha uchi hazai.

"Ni mimi," Mwamvita alisema. "Nilifukiza udi. Niliona aibu kwa ile harufu."

"Ungeniuliza," Koleta alisema. "Neno moja tu, Bi Mwamvita. Mbuzi wa mtu amefungwa mlangoni kwangu, na wewe ulikuwa unaona aibu ya harufu."

Mwamvita angetukanwa ingemuuma kidogo kuliko vile.

"Hiyo kanga nzuri ivue, uvae kuukuu," Koleta akaendelea. "Twende kwa ng'ombe."

Walikwenda hadi kwa Ngollo, mfugaji wa Kisukuma aliyeweka zizi karibu na mto, na binti Mabruki, ambaye mjini alikuwa akishika pua akipita bucha, alikanda mavi ya ng'ombe mabichi hadi viwikoni. Walikwangua mizinga yote, wakaikandika upya. Mzee Masolwa akawapa nta, wakaipaka kwenye milango ya mizinga, harufu yake iwavute nyuki.

Siku ya tano wingu jeusi lilisimama upande wa Kigoma, na Landrova ya Kornel ikaja na wafyekaji. Kornel alipita mzinga kwa mzinga, akigonga kila mmoja kwa kalamu. Kimya. Kumi na minane yote mitupu. Alikuwa anafungua mdomo kutoa amri.

Ndipo uliposikika mvumo. Kundi zima la nyuki linalohama lilitokea kaskazini, likazunguka juu ya pori, likatua kwenye tawi la mninga, likaning'inia pale kama mkungu wa ndizi. Wafyekaji walitupa mapanga wakakimbia. Kornel alikuwa ndani ya Landrova na vioo vimepandishwa kabla hujasema bismillahi.

"Hao wako mtini," alipaza sauti nyuma ya kioo. "Nilisema mzingani."

Mzee Masolwa alikaza shuka yake kiunoni, lakini Bertila alishatangulia. Aliuinua mzinga wa mama yake peke yake, akaupeleka chini ya tawi, mdomo ukiangalia juu.

"Usiogope," Koleta alimwambia. "Wanaohama wameshiba, hawana hasira. Tikisa tawi mara moja tu."

Bertila akatikisa. Lundo zima likaanguka ndani ya mzinga kwa kishindo kizito. Akaufunika, akaulaza juu ya nguzo zake, akasubiri. Wale waliobaki hewani walizunguka mlango, wakaunusa, kisha wakaanza kuingia kwa mstari. Mwamvita alijikuta analia na kucheka kwa pamoja, na hakuona haya.

Kornel alishusha kioo kiasi cha kidole kimoja. Ahadi ni deni, na watu wote walikuwa wanamtazama. Akafungua daftari lake.

"Pori hili nimwandike nani? Kaya ya marehemu nani?"

"Marehemu halindi nyuki," Koleta alisema. "Andika Koleta. Chini yake waandike hawa kumi na saba, kila mmoja kwa jina lake. Na huyu binti mwandike mfuga nyuki."

Bertila alikwenda mlangoni kwao, akamfungua yule mbuzi, akampiga kofi la kiuno arudi kwa mwenyewe.

Jioni Mwamvita alipanda lori kurudi mjini akiwa na kanga yake kuukuu. Mama mmoja aliyekaa karibu naye alisogea, akajifunika pua kwa ncha ya mtandio.

"Samahani, dada," alisema yule mama, "hicho unachonukia ni kitu gani?"

"Mavi ya ng'ombe," Mwamvita alijibu, akajiweka vizuri kwenye gunia. "Njoo karibu nikwambie yanavyotumika."