Mkaa Ndani ya Jagi

Lupakisyo alikuwa anachemsha mkaa. Mkaa wenyewe ndio uliokuwa ndani ya sufuria, ukitokota kama mihogo, na yeye ameuinamia na mwiko mkononi.

Jirani yake Joha alichungulia juu ya ua, akaingia bila hodi.

"We baba, njaa imefika huko? Chumvi umeshatia?"

"Cheka tu, Joha. Kesho shangazi yake Selestina anakuja, na maji ya nyumba hii atayanywa."

Lupakisyo alikuwa mgane, na alimtaka Selestina kwa moyo wote. Selestina naye alimtaka. Lakini baba yake Selestina alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa kwa shangazi mtu, Bibiana wa Lumuma. Bibiana alishafika Kilosa mara moja kukagua nyumba ya Lupakisyo. Akapewa maji, akanusa glasi, akairudisha mezani. "Mtoto wetu amekulia maji ya mlimani," alisema. "Hatumtoi aje kunywa tope." Akafunga safari ya kurudi kwao. Selestina alilia mpaka macho yakavimba.

Wakati wa mvua maji ya Kilosa yana kazi. Lupakisyo aliyatuliza kwa shabu, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa. Yalitakata, lakini harufu ya mto ilibaki pale pale. Dawa aliipata Mikumi, alikokuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Enzi zile za ruksa waliingia watu wa kila aina na vitu vya kila aina. Siku moja akaja Mjapani wa kupiga picha tembo, Bwana Tanabe, ambaye kila jioni alitumbukiza kijiti cha mkaa kwenye chupa yake ya maji. Lupakisyo alidhani mtu wa watu amechanganyikiwa na jua. Alipoonjeshwa akaomba tena. Maji hayakunuka chochote. Na mkaa wenyewe ulikuwa mgumu ajabu: ukigonganisha vijiti viwili vinalia kama kengele ya baiskeli, na mkononi hauachi weusi. Bwana Tanabe alipoondoka alimwachia vijiti hivyo na maelekezo. Uchemshe kwanza, uukaushe, kisha uutie kwenye maji yaliyokwisha kuchemshwa, ulale humo mpaka asubuhi.

Kesho yake Bibiana akafika, mrefu, amevaa kitenge kipya, Selestina nyuma yake ametazama chini. Joha naye akajikaribisha, akavuta kiti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo! Karibu, karibu maji!"

Lupakisyo aliyaleta kwenye jagi la kioo, alilolinunua makusudi ili maajabu yaonekane. Kijiti cheusi kilisimama katikati kama mgeni rasmi.

Bibiana akalitazama jagi. Akaweka mkoba wake chini.

"Huo ni mkaa?"

"Mkaa, shangazi! Wa Japani!"

"Kwetu," Bibiana alisema taratibu, "nyama ikipitishwa njiani inawekewa mkaa juu. Maziwa yanawekewa mkaa. Ni kwa ajili ya jicho baya. Leo nimekuja mimi, na maji yamewekewa mkaa."

Lupakisyo akajipiga kofi la paji la uso. Desturi hiyo aliijua, hata marehemu mama yake aliifuata. Aliwaza Japani tu, akasahau kwao.

"Nani amekuambia habari zangu?" Sauti ya Bibiana ilitetemeka. "Lumuma nikipita watu wanafunika vifaranga. Nikimsifu mtoto, mama yake anatema mate chini. Sasa hata hapa?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia Lupakisyo lolote. Selestina aliinua macho, na macho yale yalikuwa yanaaga.

Lupakisyo hakuwa fundi wa maneno. Alichukua uma, akautoa mkaa ndani ya jagi, akaulaza mezani.

"Shangazi, sifu."

"Nisifu nini?"

"Kitu chochote cha nyumba hii. Kwa sauti. Sifuniki kitu."

"Lupakisyo, una wazimu!" Joha alijifunika kanga mpaka puani.

Bibiana akamkodolea macho. Kisha akasema, kama anayejaribu kina cha mto kwa mguu, "Kuku wako ana vifaranga wazuri."

"Ahsante! Nikuletee uwashike?"

"Bati lako linang'aa."

"Jipya! Endelea."

"Redio yako ina sauti safi."

Lupakisyo akaipandisha sauti. Bibiana sasa alianza kunogewa. Akasifu pazia. Akasifu sufuria. Akasifu mpapai uani, akausifu tena. "Na kiti kile cha jirani yako, kimesimama imara kwe..."

Kiti kikavunjika. Joha akaenda chini, miguu juu.

Bibiana akajiziba mdomo. Joha, akiwa bado sakafuni, akanyoosha kidole.

"Mmeona! Mmeona wenyewe!"

"Tumeona nini?" Lupakisyo alisema. "Kiti hicho nilikipigilia mimi, na mimi ni mpishi. Halafu wewe Joha si mwepesi. Shangazi, endelea, jikoni bado hujafika."

Selestina ndiye aliyeanza, kicheko kilimtoka puani. Bibiana akafuata, akacheka mpaka akashika meza kwa mikono miwili. Joha aligoma kucheka, akashindwa. Bibiana akajimiminia maji mwenyewe, akanusa, akanywa, akamimina tena huku machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Tope mmelipeleka wapi?" aliuliza, na hakungoja jibu. "Washenga wako waje Lumuma Jumamosi. Nitawapikia mimi." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na wewe je? Nikusifu?"

"Nisifu, shangazi. Anzia kichwani, huko nywele zimeshaondoka, hakuna cha kuharibu."

Bibiana akamtazama kuanzia kwenye kipara, akavuta pumzi, akaanza.