Bamba la Nyigu

Nianze na hili tusije tukapotezeana muda: bamba lile lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyelikata, mimi ndiye niliyelichonga, na kama kuna mtu anaona nilichokifanya mwishoni kilikuwa wazimu, aje karakana aniambie usoni. Nipo kila siku isipokuwa Jumapili.

Mimi ni mkereza vyuma. Karakana ni yetu wawili, mimi na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Yeye anatengeneza magari uani na mafundi wake, mimi nachonga vipuri ndani, kwenye chumba chenye dirisha moja na mashine zinazokula nafasi yote hadi mgeni akitaka kuingia aingie kiubavuubavu. Na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, anaendesha gari la mbio. Kila mtu anamwita Nyigu, hata mama. Kigari chake cha njano kikikupita unasikia mlio tu, halafu unaumia.

Balaa lilianza giaboksi yake ilipovunjika meno katikati ya mbio za mlimani. Akateremshwa akivutwa kwa kamba, watu pembeni wanampigia makofi ya kejeli. Alikuja kwangu macho yamemvimba.

"Dada, safari hii nataka giaboksi isiyovunjika."

"Isiyovunjika haijazaliwa."

"Basi ya pikapu."

Akaitafuta, akaipata, ngumu kweli. Ila injini yake na giaboksi ile hazikuzaliwa nyumba moja. Matundu ya bolti ya huku hayajui ya kule. Hapo ndipo linapohitajika bamba nene la alumini la kukaa katikati, upande mmoja likubaliane na injini, upande wa pili likubaliane na giaboksi. Mafundi wa uani wakaanza kuniita mshenga. "Mshenga, ndoa lini?" "Mshenga, bibi harusi anasema bwana ana kitambi!" Nikawaacha wacheke, meno ni yao.

Lakini nieleze, maana ugomvi wote uko hapa. Shafti ya giaboksi inapita katikati ya klachi na kwenda kushikwa nyuma ya krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Lazima viwe kwenye mstari mmoja. Vikipishana hata kidogo, shafti inazunguka huku inagombana na klachi, na injini ya mbio haizunguki kwa upole. Siku klachi ikipasuka, vipande vinatoboa bati la sakafu ya gari. Juu ya bati hilo kuna miguu ya dereva. Miguu ya mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemfunga kamba za viatu akienda shule, mama akiwa kazini.

Sasa, kinacholiweka bamba kwenye mstari si bolti. Bolti zina nafasi kwenye matundu yake, zinachezacheza. Kinachoshika mstari ni pini mbili za chuma zilizotokeza kwenye injini, na bamba linakaa juu yake. Kwa hiyo matundu ya pini mimi huyaacha mwisho kabisa, nayatoboa kwenye mashine, bamba likiwa limepoa. Alumini ikipata joto huvimba, ukiipima ina moto inakudanganya mchana kweupe. Nilipomaliza tundu kubwa la katikati nikalilaza bamba mezani lipoe, nikaenda dukani kutafuta biti mpya ya drili.

Nikarudi nikakuta matundu ya pini yameshatobolewa.

Baba mdogo amesimama uani kando ya gari la Nyigu, anapangusa mikono, anatabasamu. Alilishikiza bamba kwenye pini za injini, akatia alama kwa macho, akatoboa kwa drili ya mkono.

"Nimekupunguzia kazi, mwanangu. Mbio ni kesho, wewe umekwenda kutembea."

Nililipachika bamba kwenye pini, nikafunga kipimo cha sindano kwenye krenki, ncha yake ikigusa ukingo wa tundu la katikati, nikaizungusha krenki taratibu kwa mkono. Kazi ikiwa nzuri, sindano inatulia tuli. Hii ilikwenda, ikarudi, ikaenda tena. Nikazungusha upya, nikijidanganya labda nimefunga vibaya. Wapi!

Nyigu alikuwa amefika, helmeti kwapani. "Imekosea kiasi gani?"

"Unene wa karatasi. Pengine karatasi mbili."

Mafundi wakaangua kicheko. Baba mdogo naye akacheka. "Karatasi! Nani ataiona karatasi humo ndani?"

"Klachi itaiona."

"Bolti itavuta, bwana. Miaka yote nafunga magiaboksi. Ikikataa naikazia bolti, inaingia yenyewe."

"Inaingia na donda lake, baba mdogo."

"Huwezi kulipanua tundu ukatia bushi?" Nyigu aliuliza, na lilikuwa swali la maana, Nyigu si mjinga. Nikamwonyesha. Drili ilikuwa imeteleza, ikala alumini hadi ukingoni mwa bamba, ikabaki nyama nyembamba kama ukucha. Bushi ni pete ya chuma ya kuziba nafasi; hapo ingeshika wapi? Dawa ni bamba jipya, na bamba jipya lisingekuwa tayari kesho hata ningechonga kwa meno.

Nyigu akalitazama bamba. Nilimwona akipiga hesabu zake: yale makofi, ile kamba, mlima unaomngoja. Akaweka helmeti juu ya boneti.

"Mimi ndiye ninayeendesha, dada. Roho ni yangu. Fungeni."

Mafundi wakaanza kuokota spana. Yaani hivi hivi, kama vile mimi ni pazia!

"Umemsikia mwenyewe," baba mdogo akasema. "Gari ni lake."

"Na bamba ni langu."

"Usituletee ukaidi wa baba yako hapa."

"Baba yangu angekupiga nalo hilo bamba! Niwie radhi, baba mdogo, heshima yako nitairudisha kesho. Leo nipishe."

Nikalichomoa bamba kwenye pini, nikalikumbatia kifuani, nikaingia nalo ndani. Wakadhani nimekubali kwenda kulirekebisha, nikamsikia mmoja akisema, "Si unaona, maneno mengi tu." Nikalibana kwenye msumeno wa umeme. Kwanza nikapitisha kidole ndani ya tundu la katikati, mara moja tu. Lilikuwa laini ajabu. Sijawahi kuchonga tundu zuri kama lile, na iliniuma, sitaki kutia chumvi wala kupunguza. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikawasha.

Walipotambua ni mlio wa nini walikuja mbio. Wamechelewa. Nililipasua kati kwa kati, tundu lile zuri nalo likagawanyika. Nikatoka na vipande viwili, nikaviweka juu ya boneti la njano, mbele ya kila mtu.

"Haya. Kafungeni."

"Umerogwa wewe?" baba mdogo akafoka.

"Kashindwa kazi, kavunja chombo," fundi mmoja akasema kwa sauti ya chini, akidhani sisikii.

"Nimeshindwa, ndiyo! Katangaze mtaa mzima. Na usisahau kutangaza kwamba aliyetoboa ni baba mdogo, aliyekata ni mimi, na kesho gari hili halipandi mlima wowote!"

Baba mdogo akaokota kipande kimoja. Nadhani alitaka kunionyesha jinsi kilivyo imara. Akabonyeza kwa dole gumba pale alipotoboa, pale ukingoni, na ule ukucha wa alumini ukakatika, ukaanguka miguuni pake. Akautazama. Hakuuokota, akaenda kukaa juu ya tairi uani akiwa ametugeuzia mgongo.

Nyigu akanisogelea.

"Sitakusamehe," akaniambia. "Mwaka mzima naingoja kesho, dada. Mwaka mzima! Sitakusamehe maisha."

"Usinisamehe. Nani kakuomba? Nichukie, tena nichukie barabara, hadi uzeeke na mvi zako. Ila nichukie ukiwa na miguu miwili."

Akageuka, akaikuta ndoo ya chenga za alumini imekaa mlangoni, akaipiga teke. Mamaa! Ndoo ikaruka, ikagonga ukuta wa pili, chenga zikatapakaa ua mzima, mafundi wakatawanyika wakikinga macho. Lilikuwa teke zito, la mguu wa kulia uliokamilika, kuanzia nyonga hadi kidole gumba. Nikajikuta nacheka, na machozi yananitiririka bila haya.

"Safi," nikamwambia. "Haya, na wa kushoto."