Mwali wa Karakana

Mume wangu ana mwali. Nimelijua hilo tangu tulipohamia Mkolani, na sijawahi kulificha. Huja asubuhi, jua likishapanda juu ya mawe ya nyuma ya nyumba. Huingia kwa tundu la msumari kwenye bati la karakana na kusimama katikati ya chumba, mrefu, mwembamba, wa dhahabu. Luhende akimwona huweka randa chini, huchukua kikombe chake cha chai, na kukaa kumtazama.

Jina nililitoa mimi, kwa hasira. Masika ile ya kwanza maji yalidondoka kwenye kabati nililokuwa nimelipaka vanishi jana yake. Nikamwambia alizibe lile tundu. Akasema, "Nikiliziba, ule mwali wa jua utaingilia wapi?" Nikamjibu, "Basi muoe!" Tangu siku hiyo tukawa watatu.

Jirani yangu Modesta hufuga vifaranga, na huja na gunia kuchukua maranda ya kuwatandikia. Siku moja alinisikia nikimwambia Luhende, "Nenda kwa mwali wako, mimi niache." Maskini, wiki nzima alinitazama kwa huruma na kuniletea mchicha. Mwisho uvumilivu ukamshinda, akachungulia dirishani amwone huyo msichana. Akamkuta mwanamume mzima peke yake, na chai mkononi, anatazama hewa.

"Mama Angela," akaja kuniambia, "afadhali angekuwa msichana."

Lakini nisiseme uongo, mwali ule ulikuwa mzuri. Ndani yake vumbi la mninga lilielea polepole kama dagaa wanaoifuata taa ya karabai ziwani. Punje moja hupanda, hugeuka, huwaka, hupotea. Nyingine huja pale pale. Ukikaa sana unasahau kama umekaa au na wewe unaelea. Bibi yake Luhende kule Kisesa alimwambia utotoni kwamba zile ni roho za watu walio njiani kuja duniani, bado hawajapata nyumba. Ndiyo maana, Luhende husema, akawa fundi wa milango. Mimi kazi yangu ni msasa na vanishi, sina muda wa ndoto, na bado mara nyingi nilijikuta nimesimama pale na kitambaa mkononi mpaka vanishi ikakauka kwenye kopo.

Shida ikawa kifua.

Zamani akinihitaji alikuwa anaita kutoka karakana, "Lenathaaa!" Kwao R ni mgeni, maranda kwake ni malanda, na mimi Renatha nimekuwa Lenatha tangu uchumba. Jina lile lilikuwa linavuka uwanja, linaingia jikoni, linanizunguka na sufuria zangu. Kisha likaanza kufupika. Likawa "Lena," halafu kikohozi, halafu "tha" ya mtu mwingine kabisa. Mwishowe akaacha kuita, akawa anagonga nyundo kwenye bati. Nilikuja mbio kila nilipoisikia, na kila nilipoisikia niliogopa.

Daktari hakuzunguka mbuyu. "Kifua hiki na vumbi haviwezi kulala nyumba moja," alisema. "Ondoa vumbi, mzee, au uache mbao." Luhende aache mbao! Mwanamume huyu aliwahi kulazwa kitandani na malaria, nikamkuta anachonga mwiko chini ya shuka. Nilijua nikimwachisha mbao nitabaki na kifua kizima kisicho na mtu ndani yake.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta mashine ya kunyonya vumbi. Longino ana duka la vifaa vya mafundi mjini. Ni kijana wa kwetu Kagera, ananiita dada. Akakubali kutuletea mashine mbili kwenye kirikuu, kigari chake cha mizigo, ili Luhende azijaribu kwa mbao zake mwenyewe. Tulitaka moja tu, ifae karakana na ifae pia safarini, kwani tulikuwa tumepata kazi ya milango na makabati katika nyumba inayojengwa Sengerema, na kila kitu lazima kivuke na pantoni.

"Ya kunyonya?" Modesta aliuliza, gunia begani. "Kama mtoto?"

"Kama mtoto mwenye njaa," Longino akamjibu, akishusha ile kubwa.

Na kweli ilikuwa kubwa. Ilikuwa na bomba pana la kupita mkono mzima, na juu yake mfuko wa kitambaa. Ilipowashwa mabati yalitetemeka na mfuko ukavimba kama shati la mtu anayekimbilia pantoni. Luhende akapiga randa ya umeme, kisha akasugua mlango wa mninga kwa mashine ya msasa. Maranda hayakufika chini, yaligeuzwa hewani yakaingia bombani. Alipozima, sakafu ilikuwa nyeupe, saruji ambayo sikuwa nimeiona tangu imwagwe.

"Sasa hii ndiyo mashine!" Modesta akapiga makofi. Gunia lake lingejaa bila yeye kuinama.

Luhende alikuwa anatabasamu. Mafundi wa kwetu wana kipimo kimoja: sakafu safi, fundi safi. Na mimi ningetabasamu pia, ila macho yangu yalikwenda kwa mke mwenzangu.

Mwali ulikuwa umenenepa. Sijawahi kuuona vile. Ulisimama katikati ya chumba mnene kama muwa, umejaa mpaka pembeni, na zile punje zilikuwa zinamiminika kutoka kwenye kitambaa cha ule mfuko, laini kuliko unga wa muhogo, zinapanda, zinageuka, zinawaka. Ulikuwa mzuri kupita siku zote. Luhende akauona na yeye, akausogelea taratibu na uso wake wa kanisani, akaingiza kichwa ndani ya ile dhahabu. Akavuta pumzi. Kikohozi kikamkunja hadi akashika benchi.

Pale pale nikaelewa. Miaka yote hiyo alikuwa anakaa na chai yake kumtazama anayemuua.

"Longino," nikasema, "washa ile ndogo."

"Dada, ile ndogo maranda ya randa haiyawezi. Bomba lake jembamba, litaziba. Hiyo ni ya kuunga moja kwa moja kwenye mashine ya msasa, inakamata unga tu. Ila kichujio chake hakipitishi kitu."

"Washa."

Tulisubiri vumbi la kwanza litue, tukanywa chai. Kisha Luhende, kwa kuniridhisha tu, akaunga lile bomba jembamba kwenye mashine ya msasa na kurudi kwenye mlango wake wa mninga. Ile ndogo haikunguruma, iliguna tu chini kwa chini. Aliendelea kusugua, na mimi sikuitazama mbao. Niliutazama mwali. Siku zote msasa ukiguswa mwali hufufuka. Leo ulififia. Ukawa uzi, ukawa ukungu wa asubuhi ziwani, ukawa kitu unachodhani umekiona. Halafu haukuwepo. Juu ya benchi kulikuwa na duara dogo la mwanga, basi, na kati yake na bati hapakuwa na kitu.

Luhende akazima. Akapitisha mkono hewani, pale mwali ulipokuwa ukisimama, kama anayetafuta mlango gizani.

"Amekwenda wapi?" akauliza, kwa sauti ya mtoto.

Kisha akageuka, akakaza uso. "Tunachukua kubwa. Ndogo haina nguvu. Nani atafagia malanda?"

"Mimi nitafagia!" Nilipiga kelele hata Modesta akashusha gunia. "Malanda yanaanguka, Baba Angela, yanafagiwa. Kinachokuua ni kile kinachokataa kuanguka. Si kwa sababu ya nguvu unaitaka kubwa, unaitaka kwa sababu inakuachia mwali wako. Nimekaa na huyo mwanamke miaka yote, sijasema neno. Leo nasema. Chagua, yeye au mimi."

Longino alijifanya anakunja waya. Nilikuwa nalia, na sikuona haya. Nikanyoosha kiganja juu ya benchi, lile duara la mwanga likakaa ndani yake, safi, la moto kidogo, bila punje hata moja.

"Hajaenda popote," nikamwambia Luhende. "Yuko hapa. Ameacha tu kuvaa vumbi lako."

Akakishika kile kiganja na kukifunga kwa mikono yake miwili.

Tulichukua ndogo. Imeshavuka Sengerema mara nyingi, inakaa miguuni petu kwenye pantoni kama mbuzi mpole, na kule kwenye nyumba isiyo na umeme jenereta la kukodi linaiwasha bila kulalamika. Maranda nafagia mimi, nikiyanyunyizia maji kwanza, na Modesta ananisaidia kwa kununa.

Luhende alipanda juu na kipande cha lami kuliziba tundu, kwa kuwa halikuwa na faida tena. Nilimzuia mimi mwenyewe. Longino alisema kichujio kikichoka, vumbi litaanza kuponyoka, na macho ya kawaida hayatalijua. Ya kwangu yatalijua. Kila asubuhi jua likipanda juu ya mawe, mimi ndiye ninayetangulia karakana kumtafuta mwali wa mume wangu. Nasimama katikati ya chumba na kutazama juu, sioni kitu, na moyo wangu unatulia.

Jana nilirudi jikoni, nikabandika maji ya chai. Hakuna aliyegonga bati. Sauti ilitoka karakana, ikavuka uwanja, ikapita mlangoni bila kukatika mahali.

"Lenathaaaa!"

Nilimsikia vizuri. Nikakaa kimya makusudi, ili aite tena.