Upanga wa Jemadari

Kila kiangazi, tamasha linapokaribia, mimi na shemeji yangu tunatengeneza vifaa vya jukwaani. Mwaka huu tulimchongea mwigizaji mkuu upanga wa mbao nyepesi, tukaupaka rangi ya fedha. Bwana mkubwa huyo, ambaye hata begi lake hubebewa, akaushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Eti nicheze na kijiti? Nataka chuma!"

Shemeji akanikonyeza. "Mpe chuma, shemeji. Tena cha kushiba."

Siku ya onyesho jemadari wetu akanguruma, akainua upanga, ukagoma kiunoni. Akajaribu tena, jasho likamchuruzika. Adui, aliyepiga magoti akisubiri kuuawa, akachoka. Akasimama, akamsaidia kuunyanyua, akarudi kupiga magoti, akafa.

Makofi yote yakaenda kwa maiti.