Nyumba Moja ya Mbao Iliyobaki

Katika miaka yangu sabini na tisa sijapata kuidanganya serikali hata mara moja. Ukiacha ile karatasi niliyoitilia sahihi kwa ajili ya Gualtiero. Na ya binamu yake. Na zile nyingine kumi na moja, ambazo sizihesabu kwa kuwa kalamu ilikuwa inakwisha wino na jina langu halikusomeka vizuri.

Msinikunjie uso kabla hamjasikia. Kwetu Fontemagra, daktari alikuwa akipanda mlima kila Alhamisi, na basi likipita asubuhi na jioni, mradi tu daftari la wakazi lisipungue majina hamsini. Sisi tuliolala hapa wakati wa theluji tulikuwa kumi na tisa. Waliobaki walikaa Roma, nyumba zinapashwa moto kwa kubonyeza kitufe, na huku wakija Agosti na kofia zao za ukili kutuambia kwamba hewa yetu ni nzuri. Tukawaandika kuwa wakazi. Kila aliyeulizwa aliapa kwamba fulani yupo, ametoka kidogo tu. Daktari akaendelea kuja na kunipima presha, na hakuna aliyeumia.

Kisha mlima ukajikung'uta kama punda mwenye kupe.

Ilikuwa Jumapili, mwisho wa Oktoba, saa mbili kasorobo asubuhi. Hakufa mtu Fontemagra. Saa hiyo sote tulikuwa nje, kwenye kuku, kwenye kuni, kwenye kondoo. Kulala mpaka saa mbili kasorobo ni ugonjwa wa mjini. Lakini nyumba zote zilikwenda, na mnara wa kanisa ukaanguka juu ya gari la padri, jambo ambalo wengine walisema ni hukumu, kwa jinsi alivyokuwa akiendesha.

Misaada ikaja. Wakaja wakubwa na viatu vipya vya mlimani vyenye karatasi ya dukani bado kwenye soli, wakapiga picha na mimi, wakasema, "Hatutawaacha, bibi." Wakaniacha kabla ya chakula cha mchana. Yakaja masanduku ya nguo: viatu vya visigino virefu, nguo za kuogelea, na vazi la bibi harusi lenye shela. Shela akaichukua Delmira. Mwaka mzima amekuwa akichujia nayo jibini, na jibini halijapata kuwa safi namna ile.

Delmira huyo ni mfugaji, mjane, miaka sitini na tatu. Sisi wengine tulipelekwa hotelini pwani, tukakaa tukitazama bahari na kunenepa. Yeye alikataa. Kondoo sabini hawapokelewi hotelini. Akabaki peke yake juu huku, ndani ya kigari kibovu cha kulala cha watalii, cha kukokotwa, kuta zake nyembamba kama kopo la sardini. Majira yale ya baridi maji yaliganda ndani ya birika. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuamka tena.

"Utakaa humo mpaka lini, shoga?" nilimwuliza kwa simu.

"Mpaka nyumba zije. Wamesema Krismasi."

Hawakusema Krismasi ya mwaka gani. Nyumba za mbao zilifika baada ya miezi kumi na mitatu, Novemba, theluji imeshashika kilele na inateremka kwa miguu. Zilikuwa kumi na tisa. Tukapewa sisi kumi na wanane wenye karatasi. Ikabaki moja.

Mngedhani jambo limekwisha. Lakini kwenye karatasi Delmira si mtu wa hapa. Ni mtu wa bonde la pili, alikoolewa, na hakuhamisha jina lake miaka thelathini kwa kuogopa kupoteza malisho ya huko. Basi aliyelala hapa kila siku ya Mungu hakuwa na karatasi, na Gualtiero wa Roma, muuza miwani, alikuwa nayo, safi, yenye sahihi za majirani wanne. Ya kwanza juu kabisa, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa darasa la nne, ni yangu.

Watu wengine wa Roma waliona haya, hawakuomba. Gualtiero haya aliisahau garini. Aliitaka nyumba ile kwa ajili ya Agosti, na wakati wa baridi awekee humo mbao zake za kutelezea kwenye theluji.

Akatumwa binti mmoja kutoka wilayani, Noemi, aje kuhakiki nani aliishi hapa kweli. Alikaa kwenye hema la jikoni na mafaili yake, koti hakulivua. Nje upepo ulikuwa unapiga turubai. Delmira alisimama karibu na sufuria kubwa, mikono kwapani. Gualtiero alikuja na sweta jipya la sufu lenye kulungu kifuani, akidhani ndivyo tunavyovaa.

"Shangazi Zelinda!" akanibusu huku na huku. "Waambie, shangazi, tumepitisha pamoja majira mangapi ya baridi?"

"Majira yamepita, mwanangu," nikasema. "Hilo siwezi kukataa."

Noemi akamwuliza Delmira, "Mama, una jirani yeyote aliyekuandikia ushahidi?"

"Nani angeniandikia? Kila mtu ananijua."

"Kujulikana hakumo kwenye faili, mama."

Delmira akanitazama. Mimi nikatazama supu. Ningesema nini? Kwamba Gualtiero ni mwongo, na ushahidi ni ule uongo nilioutia sahihi mimi mwenyewe? Wangenipokonya nyumba yangu, niende kigarini nikalale na Delmira, na mimi nakoroma.

"Na wewe, bwana," Noemi akasema, "siku ya tetemeko ulikuwa wapi?"

"Kitandani kwangu! Nilitupwa sakafuni kama gunia. Nikatoka mbio na nguo za kulalia."

Watu wakakohoa. Ersilia, jirani yangu, alikohoa mpaka akafuta macho.

Noemi akafungua karatasi nyingine. "Hii ni orodha ya zimamoto, ya vitu walivyotoa nyumbani kwako baada ya siku kumi. Picha ya harusi ya wazazi. Saa ya ukutani, mbovu. Chumba cha kulala: kitanda, na juu ya kitanda, kwenye boriti, mapaja ya nguruwe ya kukaushwa. Saba."



Hapa kwetu, paja ni mguu wa nyuma wa nguruwe, mzima. Unachinja Januari, unalifukia kwenye chumvi, kisha unalitundika mahali pakavu penye upepo likae mwaka. Na chumba bora kuliko vyote Fontemagra kilikuwa chumba cha Gualtiero: dirisha la kaskazini, upepo wa kilele, na hakuna binadamu wa kukitia joto. Ufunguo alikuwa ameniachia mimi nimwagilie maua. Maua yalikufa mwaka wa kwanza. Tulikuwa wanawake wanne, kila mmoja na nguruwe wake, mapaja manane kila mwaka, juu ya kile kitanda, mafuta yakidondokea godoro. Moja lilikuwa limeliwa kwenye ubatizo wa mjukuu wa Ersilia. Yakabaki saba.

Gualtiero alikodoa macho. Nguruwe wa mwisho aliyemwona alikuwa kwenye mkate.

Angesema "si yangu", ningekuwa taabani. Wangeuliza ya nani, na nani alimfungulia huyo mwenye mapaja. Lakini namjua Gualtiero tangu ana kamasi. Hajapata kusema kitu si chake.

"Ni yako, mwanangu?" nikamwuliza kwa upole.

"Ya… ndiyo, ni yangu. Yawe ya nani tena? Si kwangu?"

"Ulinunua?" Noemi akauliza huku akiandika.

Nikawahi kabla hajafungua mdomo. "Kununua? Binti, usimvunjie heshima! Mtu anayeishi hapa hanunui paja. Paja la kununua ni la watalii. Anafuga mwenyewe, anachinja mwenyewe."

Gualtiero akaliona daraja, akalipanda kwa miguu yote miwili. "Kabisa! Nilichinja mwenyewe. Januari ile, baridi kali, theluji mpaka hapa." Akaonyesha kiunoni, kwenye matumbo ya kulungu. "Hayo ndiyo maisha yetu, dada. Ninyi wa ofisini hamwezi kujua."

"Baba yangu ana bucha," Noemi akasema. "Nguruwe wangapi?"

"Wangapi?"

"Ulichinja nguruwe wangapi Januari ile?"

Akafikiri. Nikamwona anachagua jibu kama anavyochagulia mteja fremu, isiwe kubwa mno, isiwe ya kujionyesha.

"Mmoja tu," akasema, akitabasamu kwa unyenyekevu. "Mimi naishi peke yangu. Mmoja ananitosha."

Ersilia aliuweka mwiko chini taratibu. Delmira akatoa mikono kwapani.

Noemi alirudi kwenye orodha ya zimamoto, akaweka kidole juu ya ile namba, akakiacha hapo.

"Bwana Gualtiero, nguruwe mmoja ana mapaja mangapi?"

Akanitazama mimi. Nikamtazama kulungu.

"Inategemea," akasema, "na ukubwa wa nguruwe."